Nadharia ya grafu: wapi ulipe, wapi ubane

Muuzaji amekuletea bei ya mfumo wa kupanga njia za gari la mikate. Fundi naye ameleta makadirio ya kusambaza intaneti shuleni. Wote wanataka jibu kabla ya Ijumaa, na wote, wawe wanajua au hawajui, wanakuuzia bidhaa moja: nadharia ya grafu.

Jina lisikutishe. Grafu hii si ule mchoro wa mhimili wa X na Y. Ni vituo, na njia zinazoviunganisha. Kituo ni duka, jengo, kompyuta, mtu au hata somo la mtihani. Njia ni barabara, kebo, deni au undugu. Ukiandika kando ya kila njia mita zake, dakika zake au shilingi zake, tayari unaweza kuuliza maswali ya pesa.

Hesabu zenyewe hazina bei. Leonhard Euler alianza kuzishughulikia mwaka 1736, na kadhaa kati ya zile zinazotumika sana kwenye kompyuta zilikuwa hadharani kabla ya 1960. Unacholipia ni data, mashine, muda wa mtu na urembo wa skrini. Muuzaji akikutajia "algorithimu yetu ya siri", mwulize kwanza inajibu swali gani.

Maana maswali ya grafu yako makundi mawili. Kuna yale ambayo jibu bora kabisa hupatikana upesi, mengine hata kwa penseli. Kuna na yale ambayo kutafuta jibu bora kabisa kunaweza kula fedha nyingi kuliko faida yake, ilhali jibu la kuridhisha lipo kwa bei ya chee. Wauzaji wanapenda sana kuyachanganya.

Tuanze na kebo, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hufukiwa ardhini.

Mwaka 1926 Otakar Borůvka, mwanahisabati wa Brno katika Chekoslovakia, alichapisha jibu la swali lililotokana na kazi ya kusambaza umeme Moravia: utaunganishaje miji yote kwa waya mfupi kuliko wote? Mwaka 1956 Joseph Kruskal wa Marekani alitoa utaratibu ambao hata mtoto wa darasa la saba anaufuata. Panga njia zote kuanzia fupi. Chukua iliyo fupi zaidi, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Ruka yoyote inayounganisha vituo ambavyo tayari vinafikiana. Idadi ya njia ikifika idadi ya vituo kasoro moja, simama. Jibu unalopata ni bora kabisa, wala si la kukisia.

Chukua shule ya mfano yenye majengo sita. Kutoka ofisi hadi maktaba ni mita 40, bwalo hadi bweni 45, maktaba hadi maabara 50, maabara hadi bwalo 60, ofisi hadi maabara 70, bweni hadi nyumba za walimu 80. Ukitoka ofisini moja kwa moja ni mita 120 hadi bwalo, 140 hadi bweni na 150 hadi nyumba za walimu. Njia nyingine zote zinazidi 80, kwa hiyo hazitabadili kitu.

Fundi mwenye haraka ataweka kila kitu ofisini na kuvuta kebo moja moja kwenda kila jengo: 40, 70, 120, 140 na 150. Jumla mita 520.

Sasa fuata Kruskal. Chukua 40, 45, 50 na 60. Ile ya 70 iruke, kwa sababu ofisi na maabara tayari zinafikiana kupitia maktaba. Chukua 80. Njia tano, majengo sita, mita 275.

Tuseme mita moja inagharimu shilingi 3,000 za Tanzania ukijumlisha kebo, bomba la kuilinda na kuchimba mtaro. Mchoro wa fundi ni shilingi 1,560,000. Wa Kruskal ni 825,000. Shilingi 735,000 zimebaki mfukoni kwa kazi ya robo saa na karatasi moja.

Usisaini bado. Kuna gharama ambazo hesabu ya urefu haizioni.

Tazama umbo la jibu letu: ofisi, maktaba, maabara, bwalo, bweni, walimu, yote kwenye mstari mmoja. Kila jengo la katikati lazima liwe na swichi inayowaka muda wote. Umeme ukikatika maabara, bwalo, bweni na walimu wote wako gizani kimtandao hata kama kwao taa zinawaka. Ongeza kwenye bajeti betri ya akiba kwa kila swichi. Jembe likikata kebo kati ya ofisi na maktaba, shule nzima imepotea.

Kama unachosambaza ni umeme au maji, kuna jambo jingine. Kipande cha kwanza cha mstari kinabeba mzigo wa majengo yote yaliyo mbele yake, kwa hiyo waya wake lazima uwe mnene na bomba lake liwe pana. Kruskal aliulizwa urefu tu, hakuulizwa unene. Mpe fundi hesabu ya vipande vyote ukitaja mzigo wa kila kimoja, vinginevyo uliyookoa kwenye mita utayalipa kwenye milimita.

Mchoro wa fundi nao una siri yake. Kebo ya kawaida ya shaba ya mtandao imetengenezwa kwa mita 100, mwisho. Katika ule mchoro wa mita 520, vipande vitatu vinapita hapo. Ama atavuta faiba, ama ataweka swichi njiani, na vyote viwili vina bei. Makadirio yasiyotaja hilo yataongezeka ukishalipa malipo ya awali. Katika mstari wa mita 275 hakuna kipande kinachopita 80, na hiyo ni faida ya pili ambayo huambiwi.

Kuna chaguo la tatu, nalo ndilo ninalolipenda. Ongeza njia moja tu, ile ya mita 150 kutoka nyumba za walimu kurudi ofisini, upate duara. Jumla ni mita 425, shilingi 1,275,000. Bado uko chini ya fundi kwa 285,000, na sasa kebo yoyote moja ikikatika hakuna jengo linalopotea. Kipande hicho cha 150 ndicho pekee kitakachohitaji faiba.

Hapa pia pana mtego. Duara likifungwa kwa swichi za bei ya chini kabisa, data huanza kuzunguka bila mwisho hadi mtandao mzima unagoma. Unahitaji swichi zinazojua kuzima njia moja kwa makusudi na kuiwasha nyingine inapokatika. Utaratibu huo ulibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985, na kazi yake ni ileile ya kutafuta mti usio na duara ndani ya mtandao wenye maduara. Swichi zenye uwezo huo ni ghali zaidi. Kwenye boksi au karatasi ya maelezo tafuta maandishi ya kiwango cha 802.1D au cha baadaye yake. Muuzaji akisema "zote zinafanya", mwombe aandike hivyo kwenye risiti.

Uamuzi wangu: shule yenye fedha kidogo ichukue mstari wa mita 275 sasa. Zahanati, au ofisi inayopokea malipo kwa mtandao siku nzima, ichukue duara. Na kama unajua duara utalifunga mwakani, nunua swichi zinazofaa tangu leo, maana kuzibadilisha ni kulipa mara mbili.

Kwa mabomba ya maji kuna punguzo moja zaidi. Nyumba tatu zikikaa kwenye pembe tatu zilizo sawa, mita 100 kila upande, Kruskal atakupa mita 200. Ukiweka kiungio katikati na kuvuta mabomba matatu kutoka hapo, unapata kama mita 173. Kiungio cha umbo la T na vipande vya kupinda ni bei ndogo, kwa hiyo nunua. Kwa kebo ya mtandao usihangaike, kwa sababu katikati ya uwanja utalazimika kuweka kijumba, swichi na umeme kwa ajili ya mita 27. Vituo vikiwa vingi, kutafuta mahali bora pa kuweka viungio hivyo ni swali la kundi la ghali. Fanya pale panapoonekana kwa macho, pengine paache.

Sasa barabarani. Hapa watu hupigwa zaidi, kwa sababu kazi mbili zinazofanana kwa sura zina bei tofauti kabisa.

Gari la mikate linapaswa kufika kwenye kila duka. Gari la taka, au msomaji wa mita za maji, anapaswa kupita kwenye kila mtaa. La kwanza ni swali la vituo. La pili ni swali la njia. Ukikosea kulitaja, utauziwa dawa ya ugonjwa mwingine.

La njia ni la Euler mwenyewe. Mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, ulikuwa na madaraja saba yaliyounganisha sehemu nne za nchi kavu, na watu waliuliza kama inawezekana kuyapita yote bila kurudia hata moja. Euler alionyesha haiwezekani, kwa sababu kila sehemu iliguswa na idadi witiri ya madaraja. Kipimo hicho unaweza kukitumia kesho asubuhi. Hesabu kwenye ramani ya kata yako ni makutano mangapi yana idadi witiri ya mitaa. Kama hakuna hata moja, gari la taka linaweza kupita kila mtaa mara moja na kurudi lilipoanzia. Kama yapo, lazima mitaa fulani irudiwe, na swali ni kuyaoanisha makutano hayo ili marudio yawe mafupi.

Swali hilo la marudio liliandikwa na Kwan Mei-Ko wa China mwaka 1960, na mwaka 1973 Edmonds na Johnson walionyesha jinsi ya kulijibu vizuri kwa kompyuta. Jibu bora kabisa, programu za bure zipo, kompyuta mpakato ya kawaida inatosha. Usilipe usajili wa kila mwezi kwa kazi hii. Njia za taka hazibadiliki kila siku: mlipe mtu mara moja, chapisha ramani, mpe dereva. Angalizo ni moja. Mitaa ya upande mmoja ikichanganyika na ile ya pande mbili, swali linahamia kundi la ghali, na hapo kubali jibu linalokaribia.

La vituo, yaani la mikate, ni gumu tangu mwanzo. Maduka 10 yanaweza kupangwa kwa mifuatano 3,628,800. Maduka 15, mifuatano 1,307,674,368,000. Kompyuta inayopima mifuatano milioni moja kwa sekunde itamaliza ya maduka 10 chini ya sekunde nne, ya maduka 15 kwa takriban siku 15, na ya maduka 20 itahitaji zaidi ya miaka 77,000.

Namba hizo ndizo wauzaji wanazozipenda. Ni za kweli, ila zinahusu kujaribu kila mfuatano mmoja mmoja, na hakuna mtu mwenye akili anayefanya hivyo. Mwaka 1954 Dantzig, Fulkerson na Johnson walipata jibu bora kabisa kwa miji 49 ya Marekani, kwa zana za zama zile. Mwaka 2006 lilithibitishwa jibu la vituo 85,900. Kwa maduka 20, programu ya bure inatoa jibu kabla hujamaliza kumimina chai. Kwa hiyo namba za kutisha zisikufungulie pochi.

Aliyeanza kuuza fumbo la aina hii alikuwa William Rowan Hamilton wa Ireland. Alibuni mchezo wa kupita kila kona ya umbo fulani mara moja tu na kurudi mwanzo, akauza haki zake kwa pauni 25. Mchezo haukuuzika. Katika biashara ile, aliyefaidika ni Hamilton.

Una chaguo tatu kwa gari la mikate.

La kwanza ni penseli. Anza kiwandani, nenda duka la karibu zaidi ambalo hujafika, endelea hivyo mpaka yaishe. Ni bure na dereva anaielewa, lakini ina kasoro inayojulikana: huacha duka moja au mawili ya mbali hadi mwisho, na safari ya kurudi inakuwa ndefu. Irekebishe hivi. Chora mzunguko wote juu ya ramani. Kila mahali mstari unapojikata wenyewe, fungua zile njia mbili zinazokatana na uziunge upya zisikatane. Kwa umbali wa mstari mnyoofu, mzunguko hufupika kila mara. Kwa barabara halisi hufupika mara nyingi. Duka jipya likija unaanza upya, na ujuzi wote unakaa kichwani mwa mtu mmoja. Siku akiacha kazi, umeondokewa na mfumo wako.

La pili ni programu huria pamoja na ramani huria. Leseni ni sifuri. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, unaipakua nchi nzima. Kwa Dar es Salaam imejaa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ulituma wanafunzi na wananchi mitaani kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko. Nairobi nako Kibera ilichorwa na vijana wenyewe kuanzia 2009. Gharama yake ni mtu wa kuisimika: kijana wa kompyuta, siku chache za kazi, na kumwita tena ikiharibika. Patana naye bei ya kuisimika na bei ya kumwita kwa pamoja, kabla hajaanza.

La tatu ni mfumo wa kulipia, tayari kwenye simu ya dereva. Unaanza kesho, msaada upo, foleni za barabarani zinaonekana. Hapa ndipo penye ada nyingi zilizofichika, basi tukae kidogo.

Huduma nyingi za ramani hutoza kwa ombi, na umbali kati ya vituo hutozwa kwa kila jozi. Maduka 20 na kiwanda ni vituo 21. Kwa kuwa kwenda na kurudi kunaweza kutofautiana, hizo ni jozi 420 kwa kila upangaji. Ukipanga upya kila siku kwa siku 30, ni maombi 12,600, kwa gari moja. Bei kwenye tangazo imeandikwa kwa kila maombi elfu moja, ndiyo maana inaonekana ndogo. Zidisha mwenyewe.

Kuna akili ya kuuliza mara moja na kuhifadhi majibu, kwani maduka hayahami. Soma masharti kwanza, baadhi ya huduma zinakataza. Halafu bei iko kwa dola: weka makato ya kadi, tofauti ya kubadilisha fedha na kodi. Weka na bando la dereva. Kipindi cha majaribio nacho mara nyingi hudai namba ya kadi na hujigeuza usajili wenyewe.

Sasa pima. Tuseme mzunguko wako wa penseli uliorekebishwa ni kilomita 60, gari linakwenda kilomita 10 kwa lita, na lita ni shilingi 3,000. Mfumo ukikupunguzia asilimia 5, umeokoa kilomita 3, shilingi 900 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 23,400 kwa mwezi. Usajili ukizidi hapo, kwa gari moja, unamfadhili muuzaji. Kwa magari 10 ni shilingi 234,000, na mazungumzo yanaanza kuwa na maana. Mwenye gari moja hadi matatu abaki na penseli au ramani huria. Mwenye magari mengi, na maduka yanayobadilika kila siku, alipie.

Ukiambiwa kwamba bila mfumo wa ghali hakuna uhakika wowote, si kweli. Nicos Christofides alionyesha mwaka 1976 njia ambayo haiwezi kuzidi mara moja na nusu ya mzunguko bora, ilimradi umbali wa kwenda na wa kurudi ulingane, na njia ya moja kwa moja kati ya vituo viwili isiwe ndefu kuliko ya kuzunguka. Kwa kawaida programu za bure hufanya vizuri kuliko kikomo hicho.

Kama unachotaka ni safari moja tu, kutoka hapa hadi pale, usilipe hata senti. Edsger Dijkstra wa Uholanzi alifikiria njia ya kupata njia fupi mwaka 1956, amekaa mkahawani Amsterdam na mchumba wake, kwa kama dakika 20, bila kalamu. Ilichapishwa 1959 na ni ya kila mtu. Ina sharti moja ambalo wauza programu husahau kulisema: hakuna njia inayoruhusiwa kuwa na gharama chini ya sifuri. Kama gari lako likipita Morogoro linabeba mzigo wa mtu na kulipwa zaidi ya gharama ya mafuta, kipande hicho kina gharama hasi, na Dijkstra anaweza kukupa jibu baya bila kukuonya. Kwa kazi hiyo tumia mbinu ya Bellman na Ford, ambayo ni ya polepole kidogo na ni ya bure vilevile.

Niwageukie vijana wanaojenga programu, kwa sababu nao wanauziwa.

Kuhifadhi grafu kuna namna mbili. Jedwali kubwa la kila kituo dhidi ya kila kituo, au orodha ya majirani wa kila kituo. Chukua watu 10,000 wenye marafiki 20 kila mmoja. Jedwali lina visanduku milioni 100, na hata kwa baiti moja kila kimoja ni megabaiti 100, karibu zote sifuri. Orodha ina majina 200,000, na kwa baiti nne kila moja ni kilobaiti 800. Tofauti hiyo ndiyo seva ya kukodi ya bei ya chini dhidi ya ile inayokunyima usingizi mwisho wa mwezi. Jedwali linafaa pale vituo ni vichache na karibu vyote vimeunganika. Vinginevyo chukua orodha.

Halafu kuna hifadhidata maalumu za grafu, zinazouzwa kama lazima kwa yeyote mwenye mahusiano kwenye data yake. Si lazima. Jedwali la kawaida lenye safu mbili, kutoka na kwenda, ndani ya hifadhidata huria uliyonayo tayari, linajibu maswali ya hatua mbili tatu bila jasho. Uwezo wa kufuata mnyororo wa hatua nyingi uko kwenye kiwango cha lugha ya SQL tangu 1999.

Hifadhidata maalumu inastahili bei yake unapouliza maswali ya hatua nne, tano na zaidi, mara nyingi kwa siku, juu ya mamilioni ya njia. Mfano ni kusaka kundi la laini za simu zinazozungushiana pesa kitapeli. Hata hapo uliza kumbukumbu ya mashine inayotakiwa, maana baadhi zinataka grafu nzima ikae humo. Uliza pia ni wangapi mjini kwako wanaijua. Fundi akiwa mmoja, bei anapanga yeye.

Ratiba ya mitihani nitaipita haraka. Masomo ni vituo, na masomo mawili yana njia kati yake kama kuna mwanafunzi anayefanya yote mawili. Kuyapangia vipindi ni kupaka rangi vituo ili majirani wasifanane. Kujua kama vipindi viwili vinatosha ni rahisi, lakini kujua kama vitatu vinatosha ni la kundi la ghali. Shule yenye masomo 30 ianze na somo lenye migongano mingi, ilipe kipindi cha kwanza kinachofaa, iendelee kushuka. Mwalimu wa taaluma anaweza kumaliza mchana mmoja. Kabla ya kununua programu, linganisha bei yake na posho ya wasimamizi kwa kipindi kimoja cha ziada, kwa sababu mara nyingi hicho ndicho pekee itakachokuokolea.

Na kama unataka kujifunza mwenyewe, usikimbilie kozi ya dola. Hisabati ya kuanzia ni kujumlisha na kulinganisha. Kitabu cha Bondy na Murty cha mwaka 1976 kimewekwa wazi mtandaoni kwa matumizi binafsi. Kozi ya kulipia inafaa pale tu kuna mtu wa kusahihisha mazoezi yako, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza jina la huyo mtu na anasahihisha ndani ya siku ngapi.

Turudi kwenye Ijumaa. Mpe muuzaji orodha ya maduka ya jana, umfiche mzunguko wako wa penseli. Mwambie apange. Siku ya kwanza dereva afuate wake, siku ya pili afuate wako, saa zilezile, na wewe usome kilomita kwenye dashibodi. Tofauti izidishe kwa bei ya mafuta na siku za kazi, ulinganishe na ada ya mwezi ikiwa na kodi ndani. Akikataa jaribio, umeshajibiwa.

Akikubali na akashinda, dai mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba: bei haipandi kabla ya miezi 12, na siku ukiondoka unapewa vituo vyako, njia zako na umbali wake kwenye faili la kawaida linalofunguka kwenye lahajedwali yoyote, bila ada ya kulitoa.